Herufi Zenye Pembe

Goma, Jumapili alasiri

Domitila mwanangu,

Mambo ya shuka, sabuni, dawa ya minyoo na namna ya kukaa na wasichana usiowajua, mama yako ameyamaliza. Ameyasema mara tatu, na ya nne atayasema kesho kwenye meli mbele ya watu. Hapo sina la kuongeza. Mimi nimekaa kukuandikia kwa sababu nina wivu, na nikibaki nao kifuani mpaka kesho asubuhi utanifanya niseme neno baya wakati meli ya Bukavu inapiga honi.

Leo ni siku yako ya mwisho nyumbani, nawe hauko nyumbani. Jana ulisimama mlangoni, viatu mkononi, ukaniambia, "Papa, naenda kuaga papa Bihira. Ntashuka na kamio ya mboga kesho kutwa, moja kwa moja mpaka ku meli." Nilisema, "Sawa." Nilisema haraka sana, ili usione uso wangu. Kisha nikakuangalia ukienda barabara ya Rutshuru kwa mwendo wako ule wa kurukaruka, msichana wa miaka kumi na sita anayetembea kama ndiyo kwanza amejifunza, nami nikahesabu: siku mbili za mwisho, zote kwa ndugu yangu.

Mimi unaniita Papa. Yeye unamwita papa Bihira. Mama yako anasema jina lake linatajwa ili kututofautisha tu, nisitafute maneno. Ninajua. Lakini nimesikia unavyolitaja.

Nataka ujue wivu huu umetoka wapi, kwa sababu umetoka kwako, tangu ulipokuwa mdogo, na kuna jambo moja ndani yake ambalo sijawahi kukuambia. Huenda unalijua. Miaka tisa nimekuwa nikikuchungulia usoni nione kama unalijua, na uso wako haunipi jibu.

Ulikuwa mtoto wa kunichanganya. Ulipokuwa na miaka mitano ulitambua kamio, yaani lori, ya kila mwenye shamba kwa mlio wa motere, kabla haijafika kwenye kona. Ulitoka misa ukamrudia mama yako mahubiri yote ya padri, mpaka mahali alipokohoa. Uliniuliza kwa nini mlima unawaka moto usiku na ziwa halichemki, ukanitazama ukingoja jibu, nami karani mzima nikakuambia nenda kacheze. Nilijisifu kwa wenzangu: huyu wa tatu ndiye atakayenirithi kalamu.

Lakini ukitumwa chumvi, ulirudi bila chumvi. Ulirudi na habari ya mjusi aliyekatika mkia, na habari ya mama aliyegombana na mpima nguo, na pesa ungali nayo mkononi, imelowa jasho. Ukiambiwa mambo mawili kwa pamoja, la pili lilianguka njiani. Mezani ulikuwa na miguu sita. Na ulipofika shuleni kwa masista, herufi zilikukataa. Ulizigeuza, ulizipindua, ulianza jina lako kulia ukalimaliza kushoto. Kaka yako Petero alikuwa ameshika silabi zote kwa mwezi mmoja. Wewe mwaka mzima ulipita, na kwenye buletini yako, ile ripoti ya shule, mwalimu aliandika neno moja la Kifaransa: distraite.

Mama yako akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anasema mutoto haiko."

"Haiko wapi?"

"Haiko pale anakaa."

Mama yako akacheka kidogo, akasema basi wamtafute pale alipo. Sikucheka. Mwandiko wangu, Domitila, ulijulikana ofisi nzima ya territoire, ofisi ya serikali ya wilaya. Kulikuwa na mashine ya kuandikia, lakini barua za heshima walinipa mimi niziandike kwa mkono. Ndiyo mali niliyokuwa nayo. Na mtoto niliyemchagua kichwani mwangu kuirithi alikuwa anaandika kama kuku aliyekanyaga majivu.

Nilifikiri ni kiburi chako. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na kama kuna kitu kimoja ningependa ukichukue kutoka kwangu, ni hiki: mtu akiwa na akili nyingi upande mmoja, watu wanafikiri upande wa pili anafanya makusudi. Ungekuwa mjinga kila mahali, ningekuhurumia. Kwa kuwa ulikuwa mwerevu, nilikuadhibu. Nilikupiga rula kwenye vidole, kila jioni, herufi b na herufi d, b na d, nawe ulikuwa huoni tofauti na mimi nilikuwa nakuona unanidharau.

Ukaja mwaka wa karti. Unaijua, iko kwenye sanduku langu, umeichezea. Karti ya mérite, kadi ya sifa njema, ile ambayo Wabelgiji waliwapa watu weusi waliowaona wamekwisha kustaarabika. Ukiwa nayo unaweza kutembea usiku baada ya saa iliyokatazwa, unaweza kununua divai, na mahakamani hupigwi fimbo. Niliitaka kuliko nilivyotaka mbingu. Lakini hawakuitoa hivi hivi. Walikuja nyumbani kwako, mabwana watatu, wakaangalia jikoni, wakaangalia choo, wakafungua kabati, wakaona kama watoto wanakaa mezani na uma na kusema bonjour.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Petero alikaa. Konstansia, dada yako, alikaa. Hata mdogo wako, aliyekuwa na miaka mitatu, alikaa. Wewe ulimwaga supu, ukashuka chini ya meza kutafuta kijiko, ukatokea upande wa pili bila kijiko. Nikakufunga mguu kwenye mguu wa meza kwa tai yangu ya zamani. Ndiyo, nilifanya hivyo, na wewe unasimulia jambo hilo kama kichekesho, jinsi ulivyoifungua na kunifunga mimi kwenye kiti changu nikisoma gazeti, nikasimama nikaanguka. Wote mnacheka, nami hucheka nanyi. Siku ile sikucheka. Siku ile nilijua kwamba ukiwa mezani, karti sitaipata.

Hivyo nikakuambia ng'ombe wa Bihira amezaa, nenda Kibumba ukaone ndama. Hakukuwa na ndama. Nilikupandisha kamio asubuhi, siku mbili kabla ya mabwana kuja, ukanipungia mkono mpaka kamio ikapotea.

Bihira ni mkubwa wangu. Wewe unamjua mzee, mwenye mbavu za kuhesabika na kicheko. Mimi namjua tangu tulipolala ngozi moja. Hakujua kwamba nimekuficha. Alichojua ni kwamba mdogo wake anapokea wakubwa nyumbani, na kwetu mgeni mkubwa hapokelewi bila maziwa ya ukoo. Ni aibu ya ukoo mzima. Basi siku ile akaamka kabla ya jua, akakamua, akajaza chombo cha mti, akakuchukua na wewe kwa sababu ulilia kwamba humwoni ndama na unamtaka mama, akateremka nawe kwa miguu kutoka Kibumba.

Mabwana walikuwa mezani. Petero alikuwa anasoma kwa sauti. Mlango ukafunguliwa, akaingia ndugu yangu, miguu mitupu, tope mpaka magotini, chombo cha maziwa kichwani, na wewe umeshika nguo yake, nywele zina majani. Mmoja wa mabwana akaniuliza kwa Kifaransa ni akina nani hawa.

Nikamjibu kwa Kifaransa. Nilisema: ni ndugu yangu, na mtoto wake.

Ndilo jambo lenyewe. Nimeliandika.

Bwana yule alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuwa mwema. Akamgeukia Bihira, akakuonyesha kwa kidole, akauliza, "Mutoto yako?"

Ndugu yangu hakujua Kifaransa, lakini si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Aliniangalia. Sijui aliniangalia kwa muda gani. Kisha akakuwekea mkono kichwani, akasema, "Ndiyo, bwana. Ni mutoto yangu." Akaweka maziwa chini karibu na mlango, akakushika mkono, mkatoka. Mama yako alikuwa amesimama na birika la kahawa. Kifaransa hakukisoma, lakini "frère", ndugu, na "fille", binti, kila mwanamke wa cité, mtaa wetu wa watu weusi, aliyajua. Aliwamiminia mabwana kahawa, hakumwaga hata tone moja. Baadaye akayachukua maziwa akayanywa peke yake jikoni, yote, akilia.

Nilipata karti. Nilinunua chupa ya divai, nikaiacha nusu. Nilitembea usiku mara mbili, nikakuta sina pa kwenda.

Nilijitetea kwa desturi yetu. Nilijiambia: kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wangu, na wangu ni wake, basi nimedanganya nini? Nimesema ukweli wa kwetu kwa lugha ya wengine. Ni utetezi mzuri, ningeweza kuuandika kwenye karatasi ya serikali. Lakini Bihira hakuwa akifanya utetezi. Niliposema wewe ni wake, yeye alisikia, akakuchukua. Na mimi, kwa kuogopa yule bwana asije akakuona tena kwenye meza yangu, nikaacha ukae Kibumba. Wiki moja ikawa mwezi. Mwezi ukawa miezi tisa.

Nilikuja kukuangalia mara ya kwanza mwezi wa nne wa kukaa kwako huko. Nilikuja na viatu vyeupe, mjinga mimi, na biskuti kwenye karatasi. Nilikukuta nyuma ya ng'ombe, kule juu penye mawe meusi, unatembea na kijitabu cha katekisimu mkononi, na unasoma. Unasoma, Domitila! Polepole, kwa kuimba, mguu mmoja neno moja. Petero hakusoma kwa sauti nzuri vile. Na Bihira alikuwa mbele yako anaitikia kila mstari kama watu wanavyoitikia wanaposifu ng'ombe.

Baba mwingine angepiga magoti. Mimi nilihisi wivu, si furaha. Nilikuwa nimekupiga rula mwaka mzima na sikukupa hata herufi moja, na mtu huyu asiyejua kusaini jina lake amekupa zote.

"Nani amemufundisha?" nikamwuliza.

"Mimi najua nini?" akasema Bihira. "Yeye ndiye alinifundisha. Alichora ile bintu yake ku udongo, nikamuuliza tu: hii ng'ombe inaangalia wapi?"

Ukanieleza wewe mwenyewe, kwa pumzi moja, ukikanyaga viatu vyangu vyeupe. Kwamba herufi ni ng'ombe. Kwamba b ni Bihogo, yule mwekundu, tumbo lake linaelekea Rutshuru, na d ni Gaju, tumbo lake linaelekea Goma, na ukisimama nyuma ya zizi huwezi kuwachanganya kwa sababu barabara haigeuki. Kwamba kila herufi ina pembe au mkia au ndama anayenyonya, na ina sifa zake za kuimba. Ulikuwa na ng'ombe zaidi ya ishirini mdomoni, na hukukosea hata mmoja.

Nami nikafanya nini? Nikakunyang'anya kitabu. Nikasema, "Kusoma si kuchunga. Kaa chini hapa, usome kama mutu."

Ukakaa kwenye jiwe. Nikakufungulia ukurasa uleule. Macho yako yakaanza kukimbia, miguu ikaanza, herufi ya kwanza ukaikosa, ya pili ukaikosa, ukaniangalia mikono kama ina rula. Na mimi nikamgeukia ndugu yangu, nikamwambia, Mungu anisamehe, kwa sauti ya mtu aliyeshinda: "Unaona? Hajui."

Bihira hakukasirika. Alisema, "Muache asimame."

Ukasimama. Ukatembea. Ukasoma.

Jioni alinisindikiza mpaka barabarani kungoja kamio. Nilikuwa nimenuna. Nikasema wewe utakuwa mchungaji, ndicho anachotaka, mimi mtoto wangu namtaka shule. Akasema maneno ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, kwa sababu ni ya kwako zaidi kuliko yangu.

"Huyu mutoto haiko mujinga. Masikio yake iko mu mikono. Kama mikono haina kazi, masikio inafunga. Jioni tukimenya maharage, namuambia bintu kumi, anashika bintu kumi. Akikaa bure, hata kimoja. Mimi namujua kwa sababu nilikuwa vilevile. Weye umesahau? Ile siku padri alinirudisha ku ng'ombe, alisema kichwa yangu ni jiwe. Na weye ulicheka."

Sikuwa nimesahau. Tulipelekwa misioni pamoja, mimi na yeye, na kulikuwa na vijana wengi na madawati machache. Bihira alikuwa mwerevu kuliko mimi. Alijua nyota, alijua dawa, alihesabu mbuzi wa kijiji kizima kwa kuwatupia jicho tu. Lakini akikaa mbele ya ubao, ubao ulimhama. Padri akamwambia arudi kwa ng'ombe, na mimi nikabaki kwenye dawati, na ni kweli nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilicheka kwa sababu maisha yangu yote watu walisema Bihira, Bihira, na mara moja tu walimtoa yeye na kuniacha mimi.

Kwa hiyo unaona jinsi mambo yalivyo. Niliyaona mara mbili. Niliyaona kwa ndugu yangu nikayafurahia, nikayaona kwa mwanangu nikayapiga rula. Na mtu pekee aliyekutambua ni yule ambaye hakutambuliwa na mtu yeyote. Watu wanadhani wivu ni wa aliyeshindwa. Mimi nilishinda, nikapata dawati, kalamu, viatu vyeupe na karti, na bado namwonea wivu mtu wa miguu mitupu. Ninamwonea wivu kwa sababu alikuuliza swali. Ng'ombe hii inaangalia wapi? Kulikuwa na ugumu gani katika swali hilo? Ningeweza kukuuliza jioni yoyote ile, hapa mezani, nikiwa na wewe mkononi.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Si mimi niliyekurudisha. Mama yako alifunga kitenge, akapanda kamio ya mboga, akakuchukua Kibumba, na hata nyumbani hakupita. Alikupeleka moja kwa moja kwa sista mkuu wa shule na akamwambia akuulize lolote la katekisimu, lakini akuache usimame, na akuache usuke. Ukasimama ofisini kwa sista, unasuka mkeka wa ukindu, unajibu. Sista alifika swali la mwisho wewe ukiwa hujafika ukingo wa mkeka. Akakuweka nyuma ya darasa, karibu na mlango, na ruhusa ya kuwa na kitu mkononi. Mama yako alinipa habari hiyo usiku akinipakulia chakula, kwa maneno machache, hakukaa. Nilimwonea wivu na yeye.

Mimi nina kitu kimoja tu, na ninakitaja kwa sababu Bihira hawezi kukidai. Ni gazeti. Tangu uliporudi, kila jioni wewe ukimenya maharage au ukichambua mchele, nilikusomea gazeti kutoka mwanzo mpaka bei ya kahawa. Hukunitazama, nami nilijifunza kutodai unitazame. Siku moja, ulikuwa na miaka kumi au kumi na moja, niliruka mstari kwa uchovu, ukasema bila kuinua kichwa, "Papa, umeruka." Nilirudi nikausoma. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile ofisini kwangu. Miaka minane ya magazeti, Domitila. Ukiyapima, na hayo ni kitu.

Kule Bukavu watakufundisha kazi ya wagonjwa, nami najua watakukalisha. Watakupa daftari, watakupa ubao, watasema mambo matano kwa pamoja. Usingoje wakuite mvivu ndipo useme. Mimi nilikufundisha kuficha, kwa mfano wangu nilikufundisha. Jambo lenye aibu tunalipandisha kamio tunalipeleka Kibumba. Hilo usilichukue. Mwendee sista wa darasa siku ya kwanza, umwambie hivi na hivi, mimi nikishika kitu nasikia, nikitembea nashika. Akicheka, mwache acheke, umwambie tena wiki inayofuata. Na dozi za dawa, ambazo herufi zake ni ndogo na mgonjwa hana subira, soma mara mbili, ukiimba kama hakuna njia nyingine. Afadhali wakuone kichaa na mgonjwa apone.

Na utakutana na mtoto mwingine wa namna yako. Wako wengi, sasa nawaona kila mahali, hata ofisini yuko kijana mmoja wa kupeleka barua ambaye kila siku anafokewa. Wewe utamjua mara moja. Usimwambie atulie. Neno hilo nilikuambia mara elfu na halikukutuliza hata mara moja. Lilikufanya unyamaze, nami nikadhani umetulia.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Wiki iliyopita ulijaza karatasi ya shule mwenyewe, ukakataa nisikusaidie. Jana, baada ya wewe kupanda Kibumba, nimeichukua kwenye bahasha niitazame, tabia ya karani. Umeijaza vizuri. Mwandiko wako ni mkubwa na umeinama kidogo, lakini hakuna herufi iliyogeuka, hata moja. Jina, umeandika. Ubatizo, umeandika. Jina la mama, umeandika. Mstari wa jina la baba umeuacha mtupu.

Nimeutazama mstari huo tangu jana. Nimejiambia umesahau, kwa sababu wewe husahau. Nimejiambia umeuacha ili mimi niandike kwa mwandiko wangu mzuri, uonekane. Na nimejiambia kwamba siku ile mlangoni, ukiwa na majani kwenye nywele na umeshika nguo ya Bihira, ulisikia yule bwana akiuliza kwa Kiswahili mtoto ni wa nani, ukasikia jibu lililotolewa, na ukanisikia mimi nikinyamaza. Ulikuwa na miaka saba. Wewe ambaye ulikumbuka mpaka padri alipokohoa.

Kalamu ninayo hapa. Ni rahisi sana kuandika jina langu kwenye mstari huo. Nimeliandika kwenye karatasi elfu. Nimeweka ncha ya kalamu pale mara mbili, nikaitoa. Haki hiyo niliitoa mwenyewe kwa Kifaransa kizuri, na siwezi kuirudisha kwa mwandiko mzuri.

Basi kesho nitakuwa kwenye meli kabla ya kamio ya mboga kufika. Nitakupa barua hii kwanza, uende nayo pembeni, uisome ukitembea. Bihira atakuwepo, najua atakuja, atashuka nawe na chombo chake cha maziwa. Ukimaliza kusoma nitakupa karatasi na kalamu, uandike jina unalolitaka. Ukiandika Bihira, sitasema kitu. Nitakuwa na wivu mpaka kaburini, lakini sitasema kitu, kwa sababu litakuwa jina la kweli.

Andika polepole, mwanangu. Honi ikilia, iache ilie. Safari hii sitakuambia ufanye haraka.

Mimi, niliyekuwa nakusomea gazeti,
Papa